Zindiko Lililomfungia Mtoto wa Watu

Anayetaka kusema naongopa na aseme sasa, akanywe chai yake, atuache tunaotaka kusikia. Mimi ni mtu mzima. Nimezika wazazi, nimezika mume, sina haja ya kutafuta sifa kwa uongo. Na haya hayakunikuta usiku, kwa hiyo usinambie nilikuwa naota. Ilikuwa jua la utosi, nimesimama kwa miguu yangu.

Skuli sikukaa. Nilitolewa nikachume karafuu, na sikurudi tena. Lakini nyumba hii hapa nje ya Konde, ya matofali na bati, nimeijenga kwa kukaanga vitumbua. Hakuna mwanamme aliyenipa hata msumari. Na nyumba ukiijenga mwenyewe, unailinda mwenyewe. Mganga hajavuka mlango wangu hata siku moja. Dawa za nyumba nimefundishwa na mama yangu: kivumbasi mlangoni, ubani Alkhamisi jioni, mvuje kwenye kitambaa cha mtoto mchanga. Wapo wanaosema huo ni uchawi. Uchawi ni kumtakia mwenzio shari. Mimi naziba nyumba yangu kama unavyoziba wewe bati linalovuja.

Basi. Mwanangu Riziki alijifungua spitali, kule Wete. Mtoto wa kiume, na kabla yake mimba zilikuwa zimemharibika hata mumewe akaanza kunong'onezwa aoe mwengine. Desturi yetu mzazi anakuja kukaa arobaini kwa mama yake, naye akaletwa kwangu. Nikaapa mtoto huyu hataguswa na kitu. Siku hiyohiyo nikaweka zindiko. Kwa asiyejua, zindiko ni kinga ya nyumba. Unatwanga kivumbasi, unachanganya na chumvi ya mawe na mvuje, unafunga mafundo, unayafukia kwenye pembe zote. Fundo la mwisho unalifukia chini ya kizingiti. Likishaingia hilo, nyumba imefungwa. Asiyekuwa binadamu hapiti.

Ila kuna neno moja. Kabla hujafukia fundo la mwisho, unasimama mlangoni unapaza sauti: "Nafunga! Aliyemo na atoke!" Kwa sababu gani? Kwa sababu jua likiwaka, wenzetu wale nao wanatafuta kivuli, na kivuli kizuri kimo majumbani mwa watu.

Nikasimama, nikavuta pumzi. Riziki akanishika kanga.

"Mama, wallahi usipige ukelele. Watu wamejaa barazani hapo mbele."

"Wamejaa wana nini? Ni nyumba yangu."

"Watasema namlea mtoto nyumba ya kichawi. Maneno yatafika Wete kwa mama mkwe kabla ya jua kuchwa."

"Mama mkwe wako mwenyewe kavaa hirizi, nimeiona."

"Kaivaa kimyakimya, mama!"

Alikuwa amechoka, rangi imemtoka, mtoto yuko kifuani. Nikamhurumia. Nikafukia fundo kimyakimya.

Kuanzia hapo mtoto akawa hashibi. Ananyonya, analia. Riziki ananiita: "Mama, hebu tazama. Ziwa hili la kushoto sijamtia bado, mbona limekwisha?" Nikamwambia ni uzazi mpya, tulia. Lakini mtoto anakonda, mikunjo ya mapaja imepotea. Tukampeleka spitali, wakampima, wakamtazama kila pahala. Wakasema ugonjwa hatuuoni, ila uzito unashuka, mnyonyesheni zaidi mumrejeshe. Na walisema kweli. Mtoto hakuwa mgonjwa.

Sasa nisikilize hapa. Mjukuu wangu alikuwa akinyamaza, kilio kinaendelea. Niamini. Namtazama kafunga mdomo, na kilio nakisikia, kidogo, cha mtoto mchanga, kinatoka chini ya kitanda. Nikadhani masikio yangu yameanza uzee. Nikazidisha mvuje. Kilio kikazidi.

Ijumaa moja, wanaume wote wamekwenda msikitini, Riziki kapitiwa na usingizi, nikasikia hodi. Mwanamke kasimama uani, kajifunga kaniki kuukuu. Akanukia langilangi, na mlangilangi kwangu haupo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu ndani, jua hilo."

"Ndani siwezi."

"Huwezi kwa nini, umekatazwa?"

"Umefunga."

Mtaniuliza miguu yake ilikuwaje. Kila ninayemsimulia ananiuliza miguu. Sikuitazama! Mtu kasimama mlangoni kwako analia, utamkagua miguu? Nilichokiona ni kifua chake. Kaniki yote mbele imerowa, maziwa yanamtiririka mpaka chini. Na yakianguka kwenye saruji, saruji inabaki kavu.

Hapo ndipo nilipojua nasema na nani.

"Nilimlaza mwanangu chini ya kitanda chako," akasema. "Pana baridi pale. Nikenda kisimani. Nimerudi, nimekuta ukuta. Kwa nini hukusema kama unafunga? Mama yako alikuwa akisema."

Mama yangu! Amekufa Riziki hajazaliwa.

Ndani vilio vikaanza, na safari hii nikavisikia vyote viwili, kimoja kitandani, kimoja chini yake. Yule mwanamke akashika ziwa lake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia damu.

Nimfungulie? Mjukuu wangu hajamaliza arobaini. Nikilitoa fundo, nyumba iko wazi kwa huyu na kwa kila anayepita. Nikamuuliza, "Nikifungua, utachukua wako au wangu?"

"Mimi wangu ninaye."

"Nitajuaje kama husemi uongo?"

Akanitazama sana. "Hutajua," akasema.

Angeapa, nisingemfungulia. Wallahi nisingemfungulia. Lakini kusema vile, na maziwa yale... Mimi nimezaa. Kifua kikijaa na mtoto yuko mbali, najua kinavyouma. Nikaingia ndani, nikamtoa mjukuu wangu kitandani, nikamfunga kifuani kwa kanga mbili, nikakaza mpaka akapiga kwikwi. Halafu nikapiga magoti kwenye kizingiti na kisu cha muhogo, nikachimba.

Riziki akaamka. "Mama! Unafanya nini?"

"Namfungulia mgeni."

"Mgeni yupi? Mlango mtupu huo." Kisha akanusa. "Mama, hii langilangi inatoka wapi?"

Fundo likatoka. Kitu kikanipita gotini, chepesi, cha baridi, kama paka aliyetoka mvuani. Kilio cha chini ya kitanda kikakatika. Nikainua macho. Yule mwanamke kaniki yake imetuna kifuani, na ameinamisha kichwa, anafanya kile kinachofanywa na kila mama mwenye mtoto mwenye njaa. Mjukuu wangu nilikuwa naye, namsikia anavyohema.

Nilidhani atakwenda zake. Akasema bila kuinua kichwa: "Wangu kanyonya kwa mwanao siku zote hizi. Asingenyonya angekufa. Sasa watoto hawa ni ndugu wa ziwa moja. Wangu ni wa kike, bibi. Wakikua, msije mkawaozesha."

Akakatiza kwenye mihogo nyuma ya ua. Hata jani moja halikutikisika.

Siku ile mjukuu wangu alinyonya, akashiba, akalala mpaka Riziki akawa anamtia kidole puani kuona kama anapumua. Jioni nikafukia fundo upya, na nikapiga ukelele hata wa barabarani wakageuka. Wakanicheka. Wacha wacheke, mtoto akanenepa.

Sasa ni mwanamme, ana ndevu, anaendesha pikipiki kwa abiria, na anataka mke. Binti akitajwa, mimi ndiye ninayekwenda kwao kwanza, na siulizi mali wala ukoo. Nauliza: kanyonya kwa nani? Nani alimzalisha? Nani alimwona akiwa mchanga? Juzi nimemuuliza hivyo mwanamke tuliyechuma naye karafuu, mtu namjua toka utoto wake, akanifukuza barazani kwake. Riziki anasema, "Mama, utamzeesha mtoto huyu bila ya mke." Mjukuu mwenyewe ananambia, "Bibi, hao uliowaogopa washanisahau."

Huenda. Lakini undugu wa ziwa hausahauliwi, na sheria yake ni moja kwetu na kwao.

Basi wewe unayeweka chumvi yako pembeni na ubani wako chetezoni, weka, sikukatazi. Ila tangaza kwanza, upaze sauti, majirani wakuone mwendawazimu. Usipotangaza, na siku moja mwanao akakuletea mkwe mzuri, mwenye adabu, asiyejulikana mama yake, utamwambia nini? Mimi sijui la kumwambia. Ndiyo maana kila posa natangulia mimi.