Kitufe Kilichomficha Mwalimu wa Kemia

Katika shule ya sekondari ambako nilikuwa sekretere, pale Kasongo, ratiba ya masomo ilikuwa pana kuliko kioo cha ordinateri yetu, kompyuta ya kubeba. Kila mwalimu alikuwa na safu yake: jina juu, saa zake chini, Jumatatu mpaka Jumamosi. Walimu wa kudumu walikaa upande wa kushoto. Mwisho kabisa upande wa kulia walikaa wawili tuliowaita wa kupita. Mmoja alikuwa padri wa saa za dini. Wa pili alikuwa mwalimu wa kemia, ambaye mke wake alikuwa Lusangi, pamoja na mashamba yake. Alikuja kwetu mwanzo wa juma, akalala kwa dada yake, akamaliza saa zake na kurudi.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa na macho yaliyochoka. Alitaka maandishi makubwa, na maandishi yakiwa makubwa, safu za mwisho zilitoka nje ya kioo. Basi kila asubuhi aliniambia niwafiche wa kupita ili awaone wa kudumu vizuri, na kabla sijatoa mkono aliniambia niwarudishe. Kuficha safu si kazi ngumu. Lakini kuifanya asubuhi nzima, huku mtu mzima mwenye tai amekusimamia begani anapumua, inachosha roho.

Shemeji yangu, ambaye anafanya kazi kwa wanunuzi wa dhahabu kule Salamabila na anaijua ordinateri kama mkono wake, alipita nyumbani kutusalimu nami nikamlalamikia. Akaniambia dawa iko. Alinionyesha namna ya kuiandikia mashine maagizo mafupi, yanayoitwa makro, na kuyafunga kwenye kitufe kilichochorwa juu ya jedwali. Maagizo yenyewe yalikuwa mistari michache: kama safu hizi zinaonekana, zifiche, kama zimefichwa, zionyeshe. Nilikipaka kitufe rangi ya kijani, nikaandika juu yake FICHA / ONYESHA. Siku hiyo nilitembea njiani nikisalimia hata watu nisiowajua.

Prefe alikipenda kuliko nilivyotazamia. Alikibofya kwa kidole kimoja, polepole, kama anayebisha hodi kwa askofu. Padri na mwalimu wa kemia wakatoweka. Akabofya tena, wakarudi. Alicheka peke yake. Kuanzia hapo kila mgeni aliyeingia ofisini alionyeshwa. Wazazi walionyeshwa, inspekta alionyeshwa, na mwanamke aliyetuletea kuni za jikoni aliitwa aache mzigo mlangoni aje aone. Alitazama kwa adabu, akasema ni vizuri, akauliza kuni aziweke wapi.

Muhula wa pili ulipoanza ratiba ilibadilika, ikabidi tuchapishe mpya. Ili mashine ya kuchapisha ifanye kazi tulihitaji kuwasha jenereta, na petroli ilikuwa kidogo chini ya tangi, kwa hiyo kila kitu kilikwenda mbio. Wakati mashine inapata moto, prefe alikuwa anamwonyesha mgeni wake kitufe. Mgeni aliondoka, mimi nikachapisha, karatasi ikabandikwa ukutani nje ya ofisi, jenereta ikazima yenyewe. Ilikuwa ratiba nzuri, yenye herufi kubwa. Haikuwa na wa kupita.

Padri hakuona tofauti yoyote, kwa sababu hajawahi kuisoma karatasi ile. Yeye huja akipata nafasi. Lakini mwalimu wa kemia alikuwa mtu wa kusoma. Siku ile ile alisimama mbele ya ukuta, akafuata majina kwa kidole kutoka kushoto mpaka kulia, halafu kutoka kulia mpaka kushoto. Nilimwona dirishani. Nilidhani anafurahia herufi kubwa.

Angeingia kuuliza, mambo yangeisha hapo hapo. Hakuingia. Alikwenda darasani kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho akawaaga. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliongea vizuri sana, kwamba aliwaambia mtu anaweza kuondolewa mahali lakini somo lake linabaki, na wasichana kadhaa wakalia. Alivua bluzi yake nyeupe ya maabara, akaikunja, akaiacha juu ya meza. Wanafunzi walikimbia sokoni wakamletea jogoo. Mchana alipita ofisini na jogoo kwapani, akampa prefe mkono na kumwambia kwamba Mungu akipenda wataonana. Prefe, aliyedhani anakwenda nyumbani kwake kama kawaida, alimjibu safari njema, na akamsifia jogoo.

Juma lililofuata mwalimu hakuja. Prefe alimtuma dereva wa pikipiki anayepita Lusangi aulize kama kuna ugonjwa. Dereva alirudi na jibu fupi: mwalimu amesema prefe mwenyewe anajua. Prefe aliligeuza neno hilo kila upande asipate maana, na kila alivyoligeuza lilimuuma zaidi. Ikavumishwa mjini kwamba mwalimu ameonekana Salamabila, ndani ya shimo, anatafuta dhahabu. Prefe akaamini. Alisema mtu aliyemwacha kwa ajili ya mawe hatafuatwa tena, na kwamba kemia ataifundisha yeye mwenyewe.

Prefe alisomea historia. Aliingia darasani na kitabu, akawaandikisha maana ya asidi, akawataka waikariri kwa sauti. Ilikwenda vizuri mpaka msichana mmoja akauliza kwa nini siki inatoa povu ikimwagiwa majivu. Prefe alimjibu kwamba hilo watalisoma mwaka ujao. Wao walikuwa wa mwaka wa mwisho, na mwaka ujao haukuwepo.

Neno hilo lilifika kwa wazazi. Komiti yao ilikuja ofisini, wanaume wawili na mama mmoja muuza vitambaa ambaye mtoto wake alitaka kusoma uganga wa hospitali. Prefe aliwakaribisha viti, akaniomba niwashe ordinateri. Alitaka waone kwamba shule haikumfukuza mtu, kwamba nafasi ya mwalimu bado ingali pale inamngoja. Jedwali likafunguka bila wa kupita. Akabofya kitufe, padri na mwalimu wa kemia wakajitokeza na saa zao zote.

"Munaona," prefe akasema. "Iko."

Yule mama aliinamia kioo, akasoma, halafu akageuka akatazama nje mlangoni.

"Mbona huku iko, na kule kwa ukuta haiko?"

Tulitoka wote tukasimama mbele ya karatasi. Prefe alifuata majina kwa kidole kutoka kushoto mpaka kulia, na alipofika ukingoni kidole kiliendelea kidogo juu ya ukuta mtupu. Aliyeichapisha karatasi hiyo ni mimi. Mama muuza vitambaa alisema kwa upole kwamba pikipiki za Lusangi huondoka asubuhi.

Kesho yake tulikwenda, prefe kwenye pikipiki moja na mimi kwenye nyingine, nimebeba ordinateri kifuani ndani ya nailoni mbili. Barabara ilikuwa tope. Prefe alikuwa amevaa tai, na tulipofika ilikuwa na rangi ya suruali yake.

Mwalimu wa kemia hakuwa Salamabila wala ndani ya shimo lolote. Alikuwa juu ya paa la jiko lake, anafunga nyasi. Mke wake alitupokea, akatuletea viti na maji ya kunawa. Prefe hakukaa. Alisimama chini ya paa, shingo ameipinda.

"Mwalimu, shuka tuzungumze."

"Prefe, ninakusikia vizuri toka hapa."

"Kwa nini ulituacha?"

"Miye niliwaacha?" Aliendelea kufunga. "Nilisoma ukutani. Jina yangu haiko."

"Hukufutwa, mwalimu. Ulifichwa tu."

"Kwa mutu anayesoma ukutani, tofauti iko wapi?"

Prefe alinitazama mimi. Nilieleza kadiri nilivyoweza, kwa sauti ya kufika juu: kwamba safu iliyofichwa haiendi popote, kwamba jina lake na saa zake zote zilibaki ndani ya mashine, ila hazionekani. Mwalimu alisimamisha kazi akafikiri. Akauliza kama ni sawa na chumvi ndani ya maji. Nikafurahi, nikasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

"Chumvi ndani ya maji mutu anaweza kuionja, akajua iko," akasema. "Miye hakuna aliyenionja."

Hapo hata mke wake aliinamisha uso asicheke mbele ya wageni. Nilitoa ordinateri ndani ya nailoni nikaiweka juu ya kiti, na ni hiyo iliyomshusha. Alishuka polepole, akapangusa mikono, akabofya. Safu yake ikatoweka. Alibofya tena, ikarudi. Alirudia mpaka uso wake ukaanza kulegea. Mke wake akaomba naye ajaribu, na baada yake majirani, maana pikipiki mbili kusimama nyumba moja zilikwisha kuwaita. Mzee mmoja aliuliza kama kitufe kinaweza kuficha mbuzi siku wakwe wakija. Mke wa mwalimu aliniuliza jambo jingine: kitufe kinajuaje ni safu zipi? Nikamfungulia maagizo, akayasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

Katikati ya furaha hiyo betri ikaisha. Kioo kilizimika, na mzee aliyebofya mwisho alikuwa ameficha.

Mwalimu alitazama ule weusi, kisha akamtazama prefe.

"Sasa miye niko ao siko?"

Prefe alitoa kalamu mfukoni. Alikunja mkono wa shati, akaandika jina la mwalimu juu ya ngozi yake, kwa herufi kubwa, na chini yake akaandika kemia. Alimwonyesha. Mwalimu alisoma, akaguna, halafu akaanza kucheka, na prefe akacheka pia, mpaka ikabidi akae kwenye kile kiti alichokikataa. Tulikula bugali na sombe ya majani ya mihogo, na nyama ya kuku ambayo mwalimu alitutambulisha kuwa ni yule jogoo wa wanafunzi. Prefe alimsifia mara ya pili.

Jumatatu mwalimu alikuja. Alikuta bluzi yake imefuliwa. Nilibadilisha maagizo ya makro, ili safu zikifichwa yajitokeze maneno mekundu juu kabisa ya jedwali, yakisema kuna walimu wasioonekana. Prefe aliendelea kubofya, ila kabla ya kuchapisha alikuwa ananiita tuhesabu vichwa pamoja.

Mke wa mwalimu alinifuata Kasongo wakati wa likizo. Alikaa kwa wifi yake, na kila asubuhi alikuja kwangu nimfundishe, kwanza kuandika, kisha jedwali, kisha makro. Alikuwa na haraka na hakupenda kuambiwa kitu mara mbili. Sasa ana ordinateri yake ndogo, na ndiye anayepanga zamu za mashine ya kusaga mihogo kwa akina mama wa Lusangi. Mara ya mwisho nilipopita huko nilimkuta amesimama mlangoni mwa mashine, unga mpaka kwenye nyusi, anabishana na mwanamke aliyekuja nje ya zamu. Alinionyesha kiti kwa kidevu, akaendelea.