Mama mkwe anabandika egg rolls kwa ulimi, na aliyemfundisha ni mimi

Admin, jina langu lifukie kabisa, maana Bariadi ni ndogo na mimi najulikana. Nina miaka ishirini na sita, ni fundi simu. Shule niliiacha kidato cha pili, ila msinidharau, hata walimu wananiletea simu zao. Sura ninayo, pamba natupia, na mchumba ninaye, tumuite Minza japo si jina lake. Kwao ni Dutwa, wakulima, watu wa kanisani. Barua ya posa imeshajibiwa, bado kutaja siku ya kupeleka ng'ombe tu. Na msinione mdekaji. Nzi akiingia kwenye chai yangu namtoa, nakunywa. Ila hili la leo, hapana.

Yote niliyaanzisha mwenyewe kwa kupenda sifa. Nilinunua air fryer, lile jiko la umeme linalokaanga kwa upepo wa moto, nikampelekea mama mkwe ili mashemeji wajue dada yao kapata mtu. Jumapili baada ya ibada nikasimama jikoni kwao kama mpishi wa hoteli, nikawafundisha egg rolls. Unakaanga kabichi na karoti, unavurugia mayai humo humo, unaacha vipoe. Unafunga kwenye manda za sambusa, unapaka mafuta kidogo kwa juu, nyuzi mia mbili, dakika kumi, katikati unageuza. Ukiuma zinalia kachu! Nikawaambia kwa kujitapa, "Siri ni ukingo wa manda. Usipolowa vizuri inafunguka, utabaki unakula kabichi." Nilikuwa nimekoroga uji mzito wa ngano kwenye kikombe, wa kubandikia. Tulipozitoa, nusu ya zangu zimefumuka. Aibu. Jumapili iliyofuata akafunga mama, haikufumuka hata moja. Kavu, nyembamba, kama za kwenye picha. Basi nikawa msemaji wake. Kila nikienda napiga nane, tisa, narusha status, "Wenye mama wakwe wa ugali tu, poleni." Miezi mitano hiyo, ndugu zangu. Miezi mitano!

Sasa Jumapili moja nikafika mapema, nikazunguka nyuma ya nyumba ili nimshtue Minza. Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Mama amekaa kwenye kigoda, manda ziko kwenye sinia, kikombe cha uji wa ngano hakipo. Huyu mama ni mtu mwema, hana makuu, ila ugoro hautoki kwenye mdomo wake wa chini kuanzia asubuhi. Akachukua manda, akaikunja, akaileta mdomoni. Akatoa ulimi. Akalamba ukingo kutoka kona hadi kona, taratibu, kama mtu anayebandika bahasha. Akabonyeza kwa kidole gumba, akaiweka kwenye sahani. Ukabaki uzi wa mate ya kahawia unaning'inia kutoka kwenye mdomo wake hadi kwenye egg roll. Akaukata kwa kidole, kidole akakifutia kwenye manda iliyofuata.

Nilianza kuhesabu nilizokwisha kula, nikaishia njiani, nikatapika nyuma ya banda la kuku. Na kuku wakaja mbio kuokota. Nikatapika tena.

Mezani mama akaniletea sahani kwa mikono miwili. "Kula ng'wanawane, mwanangu, nimekuchagulia zile kavu kavu."

"Wabeja mayu, leo tumbo linanisumbua," nikamshukuru Kisukuma huku naangalia dari.

Baba mdogo wake Minza akadakia, "Tumbo? Wewe wa status kila wiki? Au umeshakubaliwa ndiyo unaanza kuchagua vyakula vyetu?" Jumapili ya pili nikasema nimefunga. Ya tatu sikwenda.

Minza akanifuata hadi kwenye kibanda changu cha simu, nikamwambia ukweli. Nilidhani atashika mdomo. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini, Minza? Ni mate! Na ugoro juu!"

"Nyuzi mia mbili hizo, kuna mdudu anabaki? Ngano iliisha, mama akatumia alichonacho, zikashika. Si ulisema mwenyewe ukingo ulowe? Na mimi ukinibusu huwa unayatema?"

Nikashika bisibisi, nikajifanya nafungua simu ya mteja. Mimi, mtu wa maneno! Halafu akaacha kucheka. "Ukimwaibisha mama yangu kwa hilo, ng'ombe wako wabaki huko huko kwenu." Nikamwomba amwambie yeye, yeye ni mwanaye. Akasema, "Mwalimu ni wewe." Sasa mimi mkwe, Msukuma, nimwambie mama mkwe habari za ulimi wake? Heri nivue suruali gulioni. Na kibaya zaidi, tangu siku hiyo Minza akinisogezea uso nauona ule uzi. Nageuka.

Sasa baba mdogo ametuma neno. Jumamosi hii niende na mzee wangu. Mama atapika egg rolls mwenyewe, sinia litawekwa katikati, mimi nianze kula mbele ya wazee wote waone sina kinyongo, ndipo itajwe siku ya ng'ombe. Nilisema nitakuja kuzifunga mimi, nikajibiwa mkwe haingii jikoni siku ya wazee. Na mzee wangu, ambaye hajui lolote, ameshasema siku hiyo hanywi hata chai asubuhi ili apate nafasi.

Minza nampenda, hilo msilitilie shaka. Nisipokwenda, nimemkataa. Nikisema, namdhalilisha mama ambaye kosa lake ni kunichagulia zile kavu kavu. Nikila, natapika mbele ya wakwe, na baba yangu yuko pembeni anaomba aongezewe. Leo Alhamisi. Kucheka chekeni, ila mkimaliza niambieni: Jumamosi nimeze, au niseme?