Nyungu Zangu na Basoda

Siku ya kwanza ya kazi, Mama Mwadi, mwenye alinifundisha kupika munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, alinipiga ku mukono. Nilikuwa nasugua nyungu yake na sabuni!

"We mutoto, unataka kuniua njaa? Nyungu ya munkoyo hapana kusugua! Munkoyo ya jana ikingali mu tumbo yake, njo inaamsha ya leo."

Bajukuu, musikilize. Unapika uji ya mahindi, unaiacha inapoa, unatiamo mizizi ya munkoyo ya kuponda, nyungu ya zamani inamalizia kazi. Nyungu mupya? Utakunywa uji tu.

Nyuma, miaka ikapita, nilipata nyungu zangu mwenyewe mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu, hapa Élisabethville. Halafu bantu ba mine, benye kuchimba shaba, baligoma. Basoda, baaskari ba serikali, baliingia ku cité, mutaa yetu bantu beusi, kubatafuta. Kwangu hawakukuta mwanaume. Balipiga nyungu zangu na buti, zote! Munkoyo ilitembea mpaka ku barabara.

Nilienda kwa administratere, Muzungu mukubwa wa serikali. Karani yake aliniuliza: "Bwana yako iko wapi? Mwanamuke hapana kushitaki."

"Bwana yangu anajua kupika munkoyo? Nyungu ni zangu!"

Administratere alicheka, akaonyesha beseni mupya za chuma, zinangaa, eti za kulipa nyungu zangu. Lakini kwanza nipige kidole ku karatasi. Nikasema karani anisomee. Karatasi ilisema: bagomaji njo balivunja.

"Hapana. Ni basoda benu."

"Mama, piga kidole, ubebe beseni, uende."

"Kidole yangu haisemake bongo, uwongo hapana!"

Nilirudia kwangu mikono tupu. Mama Mwadi aliniazima nyungu yake moja, nikaanza tena. Jua lilipokuwa kali, basoda bakakuya.

"Mama, tupatie munkoyo."

"Mulete nyungu kwanza."

"Shiye ni basoda!"

"Najua. Njo maana."

Bakaenda kwa bamama bengine. Bote balibajibu vile vile: shiye bapika munkoyo hatuuzishake muntu mwenye mwenzetu amekatala. Kiu ikabakamata.

Jumamosi moja, serja yabo, mukubwa wa basoda, akatokea soko, nyungu ku kichwa, mwanaume muzima na uniforme! Bamama bakapiga bigelegele.

"Shusha polepole, baba, usivunje tena!"

Leo nimeacha kazi, mikono imekatala kuponda mizizi. Ile administratere alirudi Ulaya bila kunilipa. Lakini mukisikia muntu anasema ni bagomaji balivunja, mumuulize: basi serja alileta nyungu juu ya nini?