Nyanya Zenye Ruhusa ya Kuumwa

Msimu uliopita nilikuwa ofisi moja ya kilimo Lushoto nikisubiri muhuri, akaingia mama mmoja, mkulima wa Kwai. Kijana anayetafiti magonjwa ya mimea akasimama.

"Shikamoo mama. Ule upande wa mbegu ya kawaida umeshashikwa na rasta?"

Rasta ni ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya nyanya.

"Marahaba. Ulishikwa kweli," mama akasema, akijitengeneza kanga kwa fahari. "Nikang'oa yote, nikapanda miche iliyobaki ya ile mbegu yako isiyougua. Sasa shamba zima linapendeza!"

Kijana akaweka kalamu mezani polepole, kama anayelaza mtoto.

"Mama, upande ule ulitakiwa kuugua. Sasa nitalinganisha na nini?"

"Uugue pale barabarani, watu wakitoka msikitini wananiona? Mwanangu, wangesema nimekuwa mvivu!"

Kijana akashika kichwa. Utafiti wa msimu mzima ulikuwa umepona.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama akakubali kupanda upya nyanya za kawaida na kuziacha ziugue, ila kwa sharti moja, ambalo alimnong'oneza.

Juzi nilipita Kwai nikaliona sharti lenyewe. Katikati ya nyanya zilizojikunja kimesimama kibao: "HIZI ZINAUMWA KWA KAZI MAALUMU. MWENYEWE SI MVIVU."

Nilitamani kuiombea ofisi yetu kibao kama hicho, lakini sentensi ya pili ingebidi tuifute.