Maharage Niliyolala Nayo

Wapendwa, mnaonijua mnajua kwamba kabla ya kuugua nilikuwa napanda kilima cha Kumsenga na debe la maharage kichwani, huku nikipiga umbea njia nzima. Pumzi haikuwa shida yangu.

Kwetu mbegu hailali stoo. Inalala chumbani kwa mama mwenye nyumba, kando ya kitanda, isionwe na kila mgeni. Ndivyo mama mkwe alivyonifundisha. Mwaka ule fukusi, wale wadudu wanaotoboa maharage, walizidi, mume wangu Elia akanunua vidonge vya gesi sokoni, akavifunga kwenye kitambaa na kuvitumbukiza guniani.

Mchana mvua ikanyesha. Nikafunga dirisha, nikajilaza. Nilisikia harufu ya kitunguu saumu, nikadhani jirani anapika. Nilipoamka kifua kilikuwa kimebana na kichwa kinapasuka. Nilitapika mpaka nyongo. Mama mkwe akaingia, akapiga yowe.

"Yuu, mwana wanje, mwanangu! Elia, mtoe nje!"

Hospitalini daktari hakuficha. "Sumu hii ya vidonge haina dawa ya kuiondoa," alimwambia Elia. "Tunampa oksijeni na dripu. Moyo wake ukistahimili, atapona."

Moyo wenyewe ulikuwa ukienda ovyo, nausikia mpaka masikioni. Niliogopa kufa, siwafichi. Lakini ulistahimili! Nikarudi nyumbani, nikawa naenda chooni kwa kushika ukuta.

Msimu uliofuata mbegu zilihamia stoo, mbali na nyumba, tukazigawa kwenye mapipa mawili. Pipa la Elia lilitiwa vidonge, mlango ukapigwa kufuli. Langu nililiweka kwenye banda jingine, nikatandaza majani makavu ya mkaratusi katikati ya maharage, na kila harufu ilipofifia nikayabadilisha.

"Fukusi watadhani umewapikia chai," Elia akanicheka.

Wakati wa kupanda tulifungua yote mawili, la Elia likiachwa wazi kwanza gesi itoke. Maharage ya Elia hayakuwa na hata tobo. Katika langu yalikuwepo machache yaliyotobolewa, sikatai, ila mbegu ilitosha shamba zima na ikaota. Elia akakuna kichwa. "Mwakani na langu litie majani."

Anayetumia vidonge asivilaze na watu, na stoo aifungue ipate hewa kabla ya kuingia. Hilo nawasihi.

Siku ile ya kupanda nilijitwika debe mwenyewe. Katikati ya kilima mama mkwe akaniita nyuma yangu, "Pumzika, mwana wanje!"

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, wala sikupumzika. Nilikuwa na umbea wa kumsimulia mpaka juu.