Wa Kuvuta Hendibreki

Hendibreki haipimwi na mtu mmoja. Mmoja huketi ndani akaivuta, mwingine hulala chini ya gari kutazama kama waya unasogea. Kwa Sulaiti, fundi wa Koboko, mvutaji alikuwa mkewe Madinah, na hawakupima gari bila kuzozana.

"Nimesema vuta, si kung'oa!" Sulaiti alikuwa akifoka kutoka chini.

"Basi toka, uvute mwenyewe!" Lakini Madinah alivuta.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipokaribia, watu wakakimbilia Sudan. Madinah akaondoka na dada zake kupitia mpaka wa Oraba. Sulaiti akabaki na pikapu ya mteja ambayo hendibreki yake haikushika.

"Nimalize hii, nakuja," alimwambia.

Sasa alikuwa chini ya pikapu. Waya wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto umeota kutu. Umenasa au umekatika? Hilo lingejulikana ukivutwa. Akaugonga, akaupaka mafuta, akaukazia macho.

"Haya, vuta!"

Waya haukusogea.

"We Madinah, umelala?" akafoka. Ndipo aliposikia jinsi mtaa mzima ulivyokuwa kimya.