Ausi, Mama Mkwe na Tairi la Spea

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa. La, siyo. Kumi na tisa Ausi alikuwa bado anaendesha lori la watu, akipita Chalinze kwenda na kurudi hata wauza mahindi ya kuchoma wa pale wakimjua kwa honi. Ilikuwa ishirini na mbili, mwaka alioacha usukani wa tajiri akarudi kukaa Bagamoyo, na mkewe, Mwanamvua, akagundua kwamba mume wa safari ni mtamu kuliko mume wa kushinda nyumbani.

Maana Ausi alikuwa hatulii. Alitengeneza mlango ambao haujaharibika. Alipaka rangi banda la kuku, kuku wakagoma kuingia. Mwanamvua akawa anamwombea dua apate shughuli, na dua ikajibiwa kwa upande wa mama yake mzazi, Bi Biubwa, aliyekaa nyumba ya pili katika ua huo huo.

Bi Biubwa alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Esha, anayekaa Bweni, upande wa huku wa mto, kabla hujapanda kivuko kuingia Pangani mjini. Bi Esha alikuwa ameanza kuingiwa na ukungu machoni. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano, kisha siku moja akamwamkia mbuzi akidhani ni jirani. Kila akipiga simu maneno yake yalikuwa hayo hayo:

"Biubwa, njoo nikuone ningali naona. Ukichelewa nitakupapasa."

Kwenda ilikuwa lazima. Kazi ilikuwa namna ya kwenda. Basi la kuzungukia Chalinze mpaka Tanga Bi Biubwa hakulitaka, linampandisha nyongo. Njia ya pwani, ya Makurunge na Saadani, ni fupi, lakini lami yake ilikuwa bado inasuasua, na mvua ikikukuta huko unalala ulipo. Na kulala gesti, astaghfirullahi!

"Mimi nimeolewa nyumbani, nikafiwa nyumbani," alisema Bi Biubwa. "Leo nikalalie kitanda ambacho sijui jana kililaliwa na nani?"

Basi Ausi akapata kazi. Pikapu yake kuukuu alikuwa nayo. Akatafuta ekseli, akatafuta mabati na mbao, na yeye na Yunus, fundi wa kuchomelea wa Majengo, wakaunda tela la safari. Lilikuwa la magurudumu mawili, limenyanyuliwa kwa ajili ya mashimo, ndani mna kitanda na chandarua. Nyuma kulikuwa na mlango wa kufunguka kwenda juu, na ukiufungua, jiko zima liko mbele yako: mahali pa seredani ya mkaa, pa masufuria, hata pa mbuzi ya kukunia nazi. Watu walisimama kulitazama. Kilibaki kitu kimoja tu, tairi la spea likae wapi.

"Dogo hilo," alisema Yunus.

Halikuwa dogo.

Ausi mwenyewe alikuwa na jibu. Likae mbele, juu ya ule mkono wa chuma unaoshikana na gari. Lakini kabla Yunus hajawasha mashine, Mwanamvua akaja na kitambaa mkononi.

"Mama anasema likae nyuma. Zamani alimwona bwana mkubwa mmoja na gari lenye tairi mgongoni, gari la heshima. Na foronya yake ameshaishona, hii hapa."

Ilikuwa foronya ya tairi, duara kabisa, imedariziwa maua. Ausi akaitazama, akameza maneno yake.

Angefanyaje? Kwa watu wa adabu za zamani, mwanamume hasemezani na mama mkwe wake ana kwa ana, wala hamkatalii neno. Akikutana naye njiani humpisha, macho chini. Na Bi Biubwa alizishika adabu hizo kama funguo za sanduku. Tangu siku ya ndoa, kila neno lake kwa Ausi, au Baba Swaumu kama alivyoitwa pale nyumbani, lilipitia kwa Mwanamvua, hata wote watatu wakiwa uani wanatazamana.

"Mwanamvua, mwambie mumeo chai ipo."

"Baba Swaumu, mama anasema chai ipo."

"Mwambie mama ahsante."

"Mama, anasema ahsante."

Hata shikamoo ya asubuhi ilikwenda kwa njia hiyo, na marahaba ikifika imeshapoa.

Kwa hiyo tairi likakaa nyuma. Likavikwa foronya yake, likapendeza kama mto wa bibi harusi. Ausi akalivuta tela mpaka Mlingotini kulijaribu. Loo! Uzito wote mkiani. Tela likatembea kama bata aliyeshiba, huku na huku, na pikapu nayo ikainua pua mpaka usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Alirudi shati limelowa.

"Mwambie mama, nyuma panapendeza, ila..."

Mwanamvua akamkazia macho. "Ila nini? Nikamwambie mama yangu *ila*?"

Ikawa bahati kwamba Bi Biubwa mwenyewe alikwenda kulifungua jiko, akakuta mlango hauinuki kwa ule uzito wa tairi. Akasukuma, akasukuma, kilemba cha mtandio kikamvuka.

"Mwambie mumeo alishushe chini ya tela," aliagiza. "Huko halimsumbui mtu."

Yunus akakikata kishikio cha nyuma, akachomelea cha chini, anacheka peke yake. "Baba Swaumu, chuma hiki kimekuwa mke wa talaka. Kila mara kinahamishwa nyumba."

"Choma, Yunus. Choma, usiseme."

Safari ya pili ya kujaribu ilikwenda Makurunge, mvua imetoka kunyesha. Katika tope jeusi la huko, tairi lile lililokuwa chini likawa jembe. Likalima barabara mpaka tela likakwama, na katika kujinasua gurudumu moja likachomwa na kisiki, likaisha pumzi. Tela likashuka, likalikalia tairi la spea kama kuku aliyelalia mayai. Tairi la kumwokoa lipo, tena zima, ila kulitoa haiwezekani mpaka tela liinuke, na tela haliinuki mpaka tairi litoke. Ausi akalala kifudifudi akachimba kwa mikono. Aliporudi mjini Yunus alimzunguka mara mbili.

"Huyu ni mtu au ni chungu kinachongoja kuchomwa?"

Jioni hiyo Bi Esha akapiga simu. Alisema mkono wake anauona, lakini vidole hawezi kuvihesabu tena. Bi Biubwa alikata simu, kisha akatoa amri ya tatu: basi tairi lipandishwe juu ya paa.

Ausi hakulala vizuri. Tela lenyewe lilikuwa refu kwenda juu, likibebeshwa tairi kichwani kwenye njia ile ya mashimo litalala ubavu. Na njiani nani wa kulishusha? Mgongo wake ulikuwa umebaki kwenye malori ya watu. Akikubali, hawafiki. Akikataa, amevunja adabu. Akinyamaza, Bi Esha anaingia gizani na dada yake yuko Bagamoyo anashona foronya.

Asubuhi Mwanamvua alikwenda sokoni. Uani wakabaki wawili: Ausi amekalia lile tairi, Bi Biubwa barazani kwake anachagua mchele, na kuku mmoja kati yao. Hapakuwa na wa kupitishia neno. Ausi akakohoa. Bi Biubwa akajifunika mtandio vizuri. Ausi akakohoa tena, akainuka, akaliegemeza tairi ukutani, akachuchumaa mbele yake.

"Wewe tairi," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Mimi na wewe tumetoka mbali. Nikikuweka nyuma, unatutikisa mkia. Nikikuweka chini, unajizika mwenyewe. Sasa unataka kupanda juu. Haya, panda. Tukiharibikiwa huko Saadani nani atakushusha? Mimi mgongo sina. Tutakaa kule tunakutazama kama mwezi wa Ramadhani, na kuna mtu Bweni anatungoja na macho yake hayangoji."

Mchele uliacha kulia kwenye ungo.

"Tena kuna mahali pamoja," aliendelea Ausi, jasho linamtoka. "Mbele, juu ya mkono wa tela. Pale unaonekana, unafikiwa na mtu aliyesimama wima, na uzito wako unalituliza tela. Sikukwambia kwa sababu nakuheshimu sana, wewe tairi. Sana."

Bi Biubwa akamtupia kuku chenga za mchele kiganja kimoja.

"Wewe kuku," alisema, "hebu nisikilize. Kuna watu Mungu amewapa akili, wanaifungia ndani kama sukari. Mtu anakaa anachimbua matope Makurunge, neno analo mdomoni! Kuku, unadhani mimi naijua njia kuliko dereva? Mimi nilitaka foronya yangu ionekane."

"Tairi," alisema Ausi, "hata mbele foronya itaonekana."

"Kuku, basi wanangoja nini?"

Mwanamvua aliporudi na kikapu alikuta mumewe ameshaondoka mbio, analiviringisha tairi kwenda kwa Yunus, na mama yake anacheka na kuku. Akaweka kikapu chini, akamtazama kuku, akaenda zake jikoni.

Waliondoka keshoye. Mbele ya Saadani, mahali ambapo lami imekatika na nyani wamekaa kama askari wa usalama barabarani, gurudumu la tela likapasuka kweli. Ausi akalifungua tairi lile hali amesimama, akalibadilisha. Bi Biubwa akashuka kuishika foronya isichafuke, mgongo amempa mkwewe, akimsimulia nyani mmoja kwamba anaona kazi inakwenda.

Bweni walifika jua bado lipo. Bi Esha alitolewa nje, akamshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili, akamsogeza mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamtazama sana.

"Wallahi, Biubwa, umezeeka."

"Alhamdulillahi!" alipiga kelele Bi Biubwa, machozi yanamtiririka. "Anaona! Anaona!"

Wakapanda telani wote wawili, wakashusha chandarua, wakaanza kuzungumza. Wakazungumza siku ile, na ya pili yake. Wiki ikapita. Ausi alikuwa analala kwenye kiti cha pikapu, magoti kidevuni. Mawe yakawekwa chini ya magurudumu ya tela, akinamama wa jirani wakawa wanakuja kukuna nazi kwenye jiko la nyuma, na mtu akapanda mchicha pembeni yake.

Hapo Ausi akaona awe mtu wa adabu lakini awe mtu wa kujua pia. Akamwita mkewe, akampa swali alipeleke kwa njia yake ya halali. Mwanamvua akalipeleka mpaka mlangoni. Chandarua kilitikisika, mkasikika kicheko cha watu wawili, kisha mazungumzo yakaendelea yalipoishia. Na swali lenyewe lilikuwa hili:

"Muulize mama, tela nalo limekuja kutembea, au limehamia?"